Sauti ya Mbebaji

3 Februari

Shemeji,

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Hata mimi nimeushangaa, maana mkono umesahau kalamu na mistari inapanda mlima. Nimekupigia simu mwezi mzima, inaita mpaka inachoka. Nikasema labda umebadilisha namba, au labda hutaki kusikia habari zangu, na kwa lolote kati ya hayo nisingekulaumu. Basi nimeandika.

Nina ombi, na sitalizungusha. Unakumbuka Chumvi na Chuma, ule mchezo wetu wa kwanza wa kompyuta, tulioutengeneza mimi na kaka pale sebuleni kwenu? Mimi niliandika programu, mumeo akachora kila kilichoonekana kwenye skrini, na wewe ukawa sauti ya mbebaji, yule mwanamke anayehamisha magunia ya chumvi kutoka machimboni hadi ghalani huku wengine wakipigana. Kampuni iliyoununua mchezo ule imeamua kuutengeneza upya kwa picha za kisasa, na imeniita niusimamie. Sikutegemea. Nilidhani walishanitupa jalalani pamoja na zile diski. Picha karibu zinakamilika. Zimebaki sauti.

Kuna watu wamekua na mchezo ule, shemeji. Juzi nilialikwa kwenye mkusanyiko wa wachezaji wa zamani, watu wazima wenye mvi na vitambi. Nilipoingia ukumbini mmoja wao akabana sauti akasema, "Mgongo unauma, lakini nakwenda," na ukumbi wote ukaangua kicheko. Maneno yako yale. Mimi sikuyaandika. Ni siku ile tulipoegemeza magodoro madirishani kuzuia kelele za barabarani, nikakuambia sema chochote ambacho mtu aliyechoka angesema akitumwa tena. Ukasema hivyo, kaka akacheka mpaka tukarudia kurekodi.

Zamani mbebaji alikuwa na maneno machache, ukimbonyeza sana anarudia yaleyale. Mchezo wa sasa unamtaka ajue kama mvua inanyesha, kama ghala limeungua, kama mwenzake ameuawa njiani. Naomba uje studio uyarekodi maneno mapya. Usafiri na malazi juu yao. Sitaki sauti ya mtu mwingine.

Mfikishie kaka shikamoo yangu. Akiitikia, niambie. Asipoitikia, usiniambie.

Shemeji yako,
Jenerali


20 Februari

Jenerali wangu,

Barua yako ililala kwa jirani kwa sababu uliandika namba ya nyumba ya zamani. Tumehamia chini, mlango wa nyuma ya jengo. Ngazi zilianza kunishinda.

Bado unajiita Jenerali? Jina lile nilikupa kwa sababu ulikuwa unaamrisha majeshi mazima kwa kidole kimoja, halafu unaniita nikufungulie kopo la maziwa. Nimefurahi kuliona chini ya karatasi.

Kuhusu simu, usihangaike nayo. Ina matatizo yake na mimi nina yangu. Niandikie tu. Barua ina adabu, inakuacha umalize unachosema.

Kuhusu kuja studio, hapana. Usikunje uso. Sauti mnayoitaka ilikuwa ya mtu aliyekuwa bado anaimba jikoni. Tafuteni binti mwingine mumtwishe magunia, mimi nimeshatua. Hata kufundisha niliacha. Watoto wa darasa la kwanza wanataka mtu wa kupiga nao kelele, na kelele zangu zimekwisha. Siku hizi nashona mapazia ya watu. Cherehani inapiga kelele kwa niaba yangu.

Kaka yako hajambo. Anachora vibao vya maduka, na mtaa mzima sasa unasomeka kwa mwandiko wake. Salamu zako nilimfikishia. Alikuwa anaosha brashi. Aliendelea kuosha. Najua ulisema nisikuambie, lakini nimeona ni afadhali ujue kuliko ubaki unabashiri.

Na mimi nina ombi. Nilikuwa nawaletea chai, nikiwasikia mnavyobishana, lakini kusema kweli sikuwahi kuelewa ule mchezo wa tatu uliwafanya nini mpaka mkaacha kusalimiana. Nikimuuliza mwenzangu anajibu neno moja tu, "Walibomoa mji," kisha anageukia kazi yake. Mji gani, shemeji? Nieleze taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyeletewa habari nusu.

Wako,
Shemeji


12 Machi

Shemeji,

Umeniuliza mji gani. Nitaanzia mbali kidogo, unistahimili.

Michezo ya vita kwenye kompyuta ilianza kwa zamu, kama drafti. Unasogeza askari wako, unakunja mikono, mwenzako naye anasogeza wake. Ukitaka kwenda kupika unapika, vita vinakungoja. Halafu wakatokea watu waliouliza, kwa nini vita vingoje? Wakaiachia saa itembee. Ukikaa kufikiri, adui hakai. Anakata miti, anajenga kambi, anakuja. Nilicheza mchezo wa namna hiyo mara ya kwanza chuoni, kwenye kompyuta ya rafiki yangu, na sikutaka kuinuka kwenye kile kiti. Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwenu nikamwambia kaka lazima na sisi tutengeneze wetu.

Ule wa kwanza, kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu. Ulikuwa huwezi kuamrisha jeshi lote kwa mpigo, ni askari wachache wachache. Wakifika darajani wanasongamana, kila mmoja anataka apite yeye, mpaka wanauawa wamesimama. Nilihangaika sana kuwafundisha kutafuta njia, nikashindwa. Kaka akanitazama, akachukua kalamu, akalichora daraja upya likawa pana. Tatizo likaisha. Ndivyo tulivyofanya kazi.

Lakini yeye vita havikumvutia. Yeye alipenda mji. Alichora nguo kwenye kamba, moshi jikoni, mbwa amelala nyuma ya ghala. Kuna watu walituandikia kwamba hawapigani kabisa, wanajenga tu, wanakaa kuwatazama wabebaji wakipita. Barua zile kaka alizibandika ukutani.

Mchezo wa pili ukaja wakati watu wameanza kuunganisha kompyuta kwa waya. Wanabeba mashine begani mpaka kwa mwenzao, chumba kimoja, watu wote jasho. Hapo adui si mashine tena, ni jirani yako, na jirani ana kiherehere. Wakagundua njia za mkato. Yakaja mashindano. Nimeona vijana vidole vinarukaruka kwenye kibodi kama mvua juu ya bati, huwezi hata kufuatilia. Hao hawakuwa na haja na nguo za kwenye kamba. Ghala kwao lilikuwa kitufe.

Ndipo wengine wakaleta kitu kipya: shujaa mmoja, mwenye jina na nguvu zake, anayekua kadiri unavyopigana. Watu wakamkimbilia. Kampuni ikatutaka na sisi tuwe naye. Mchezo wa tatu ukawa wa shujaa. Wabebaji tukawaondoa, mji ukabaki mahema mawili ya kupitia. Kwenye kikao kaka aliuliza kwa nini, nami nikamjibu mbele ya watu, "Mji wako unachelewesha mchezo." Akasema, "Basi na mimi nisiwacheleweshe," akakusanya penseli zake.

Sidhani nilikosea. Wachezaji ndio walioutaka. Ila nao hawakukaa kwetu: walimchukua yule shujaa wakaenda naye kwenye michezo mingine, watano kwa watano, isiyo na mji hata wa kusingizia. Wetu ukafa. Baadaye ikaja ya kwenye simu, ambapo unachimba chumvi kidogo, halafu unaambiwa ungoje hadi kesho, au ulipie usingoje. Tulianza kwa kukimbia kungoja, tukaishia kuuza kungoja.

Sasa wale waliokua na mchezo ule wanataka mji wao urudi. Huo ndio mji, shemeji. Nadhani kaka angefurahi kuuona, lakini siwezi kumwambia mimi. Wewe unaweza, ukija.

Jumamosi ya wiki ijayo, mchana, nitapiga simu. Ipokee, hata kama ina matatizo yake.

Jenerali


25 Machi

Shemeji,

Nilipiga kama nilivyosema. Safari hii ilipokelewa.

Nilisema habari za siku nyingi, nani anaongea. Nikasikia mtu anavuta pumzi, kisha akanguruma. Sina neno jingine. Sauti nzito, inakwaruza, kama mtu anasukuma meza sakafuni. Sikuambulia hata silabi moja. Nikasema, "Kaka?" Akanguruma tena, safari hii kwa nguvu zaidi.

Sijui kama alikuwa amelewa au ndivyo hasira inavyomfanya siku hizi. Nilisema samahani, nikakata. Nilikaa na simu mkononi kama mtoto aliyefokewa. Miaka yote hii nilijiambia siku tukisikiana sauti tu, mengine yatajipa. Kumbe hata neno hataki kunipa, ananipa ngurumo.

Nimeelewa. Nimeelewa pia kwa nini huji. Huwezi kuja huku mwenye nyumba ananguruma. Sitapiga tena.

Jenerali


8 Aprili

Jenerali,

Umeandika kwa uchungu na mimi nimesoma kwa uchungu. Naomba jambo moja: kwa siku ile ya simu usimwekee kaka yako kinyongo. Usiniulize zaidi. Niamini tu kwamba hakukufokea, na kwamba aliyepokea simu hakuwa na ubaya wowote na wewe.

Anauliza habari zako. Haulizi kwa mdomo. Bahasha ikifika, anaichukua, anaipima kama ni nene, ananiletea. Ndiyo namna yake.

Na huo mchezo wenu mpya, tafadhali, wekeni mtu mwingine. Yale ya zamani yaacheni kama yalivyo.

Shemeji


17 Juni

Shemeji,

Nina habari ya kukufurahisha, nimeitunza mpaka ikamilike.

Ulisema ya zamani yaachwe kama yalivyo, nami nikaelewa hutaki tuyafute. Hatukuyafuta. Zile kanda zote za sebuleni, hata vipande tulivyovitupa, hata ulivyokuwa unamkemea kaka asicheke, zilikuwa zimehifadhiwa. Mafundi wetu wa sauti wameipa mashine izisikilize. Mashine siku hizi inajifunza sauti ya mtu, kisha inasema maneno ambayo mtu mwenyewe hakuwahi kuyasema. Niliandika maneno mapya ya mbebaji nikijaribu kuwaza kama wewe, na mashine ikayasema kama wewe. Nilipoyasikia mara ya kwanza ilibidi nitoke nje nisimame barabarani.

Mwanasheria wa kampuni anasema hatukuhitaji sahihi yako, kwa sababu kanda ziliuzwa pamoja na mchezo. Mimi nimeona ni uungwana kukujulisha. Wachezaji wa majaribio wamempenda mbebaji kuliko kitu chochote. Na mji, shemeji, mji wote umerudi. Mbwa wa nyuma ya ghala yupo, na siku hizi anabweka.

Nimetuma kifurushi kwa mtu wa mizigo, kina mchezo wenyewe na maelekezo ya kuuweka kwenye kompyuta. Sasa huna haja ya kusafiri, wala ya kumuudhi mtu. Kazi yako imefanyika ukiwa umekaa nyumbani.

Fungua, usikilize, uniambie kama nimepatia.

Jenerali


5 Julai

Shemeji,

Kifurushi kilifika Jumanne. Nimeanza barua hii mara kadhaa.

Kaka yako alikuwa uani anachora kibao cha duka la dawa. Mimi niliwasha kompyuta chumbani, nikafuata maelekezo. Mji ukatokea. Ni mzuri, sikufichi. Akatoka mwanamke mmoja ghalani na gunia begani, nikambonyeza. Akasema, "Mgongo unauma, lakini nakwenda." Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Nikambonyeza tena. Mvua ilikuwa inaanza kunyesha kwenye mchezo. Akasema, "Mvua hii, jamani, na mimi nimefua."

Sikuwahi kusema maneno hayo. Lakini niliyatambua, kama mtu anayekumbushwa jambo alilolisema akasahau.

Kaka yako aliingia anakimbia. Brashi iko mkononi, rangi ya kijani inadondoka sakafuni. Akaniuliza, "Umeniita?" Uso wake sitausahau. Kisha akanitazama shingoni. Kisha akaitazama kompyuta. Alisimama pale mlangoni mpaka rangi ikatengeneza dimbwi, halafu akarudi uani, na kile kibao hakukimalizia siku ile.

Inabidi nikuambie sasa. Mwaka juzi nilianza kukwaruzwa na koo, nikadhani ni chaki na kelele za darasani. Ulikuwa uvimbe, ule mbaya. Walinipasua wakaitoa zoloto yote, yaani pale sauti inapotengenezwa. Napumua kwa tundu lililo chini ya shingo, nalifunika kwa kitambaa nilichoshona mwenyewe. Sauti sina. Nilifundishwa namna nyingine: nameza hewa kidogo, naisukuma irudi juu, na inaporudi naifinyanga iwe neno. Inatoka nzito, inakwaruza. Umeisikia.

Mtu aliyenguruma kwenye simu alikuwa mimi. Kaka yako hakuwepo. Ulipoandika utapiga Jumamosi, nilifanya mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, sentensi moja tu: "Shemeji, habari za siku nyingi." Nilipanga nikushtue. Uliposema "Kaka?" nilijaribu kusema "hapana, ni mimi", lakini nilikuwa nimeshapaniki na hewa ikanikimbia. Ukakata.

Sikukuficha kwa ubaya. Wakati wa hospitali nilitaka kukuandikia, kaka yako akasema tusikuombe huruma. Baadaye ilipokuja barua yako, nikajibu, na nilipokuwa najibu nikajikuta naongea kama zamani, naruka kutoka jambo hadi jambo, natania. Hapa nyumbani kila mtu ananisikia nilivyo sasa. Wewe ulikuwa umebaki peke yako unayenisikia kama nilivyokuwa. Nikaona nikikuambia, na yule mimi wa zamani naye nitakuwa nimempoteza.

Sasa umemtengeneza, umemleta mpaka chumbani kwangu. Anaongea vizuri kuliko mimi. Siku ile sikulia, shemeji. Nilimbonyeza tu, tena na tena, mpaka maneno yake yakaisha akaanza kurudia.

Ulitaka kujua kama umepatia. Umepatia.

Shemeji yako


22 Julai

Shemeji,

Nimeisoma barua yako kazini, nimesimama, na sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Sina cha kujitetea nacho. Ulisema yaachwe kama yalivyo, nikayageuza maana yawe ninayoyataka. Ulisema hapana waziwazi, nikaisikia kama maringo ya mtu anayetaka kubembelezwa. Na kwenye simu ulikuwa unanisalimia. Ulikuwa unanisalimia mimi, na mimi nikakukatia. Kila nikifumba macho naisikia ile sauti, na sasa najua inachojaribu kusema, na haisaidii kitu.

Nilikwenda kwa wakubwa nikawaomba wamtoe mbebaji. Walinisikiliza kwa upole, wakasema pole sana, lakini mchezo umeshatoka, uko kwa watu. Nikawaambia basi nipeni hiyo mashine ya sauti, niiweke kwenye kifaa kidogo, mwenye sauti awe anaandika na kifaa kinasema kwa sauti yake mwenyewe. Mwanasheria akasema sauti ile ni mali ya mchezo, haiwezi kutumika nje ya mchezo. Nikamuuliza, hata kwa mwenyewe? Akasema hasa kwa mwenyewe, maana itafungua mlango kwa wengine. Nilikuwa nimekaa nao meza moja mwaka mzima, na sikuwahi kujua kwamba hivyo ndivyo tunavyoongea.

Nimeacha kazi. Haibadilishi kitu, na sikuandikii unisifu.

Kuna fundi mmoja pale amenishika mkono akasema kwa siri anaweza kunitolea nakala. Kifaa kinaweza kuwa tayari mwezi ujao. Ungemwita mumeo kwa sauti yako, ungeongea na wanaokuja kuchukua mapazia. Niambie tu ndiyo, nami nitakileta mwenyewe, kama kaka ataniruhusu kuvuka kizingiti.

Jenerali


9 Agosti

Mdogo wangu,

Shemeji yako amenipa barua zako zote nizisome, na amesema hii nijibu mimi.

Kifaa usilete. Nitakueleza kwa nini, na ni mimi ninayekueleza, si yeye.

Tangu kile kifurushi kije, kila anapokwenda kliniki kwenye mazoezi yake ya kuongea, mimi nimekuwa nawasha kompyuta. Sipigani na mtu. Namtuma mbebaji aende machimboni, arudi, aende tena. Nakaa kumsikiliza. Wiki iliyopita mkufunzi wake hakuja, akarudi mapema, akanikuta. Nilikuwa nacheka. Mbebaji alikuwa amesema jambo la kuchekesha, nadhani uliliandika wewe.

Alisimama nyuma yangu. Akameza hewa, akasema, "Huyo unamsikiliza."

Nilielewa kila neno. Hilo ndilo lililonichoma. Sauti yake inaeleweka, ukiitulizia. Ila mimi, siku aliyotoka hospitali, nilimnunulia ubao mdogo na chaki, nikauweka mezani. Akianza kuongea namsogezea ubao. Nilijiona mume mwema, namwondolea usumbufu. Mwaka na zaidi nimekuwa namnyamazisha, na yeye ananiandikia majibu yangu kwa chaki kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mazoezi yote yale anayokwenda kuyafanya, hakuna siku nilimwuliza anataka kumwambia nani.

Kwa hiyo usituletee sauti nyingine ya kunipa kisingizio. Nimeufuta mchezo. Ni mzuri, mji mmeuchora vema, nimeona. Lakini nimeufuta.

Kuhusu mimi na wewe, sina la kuandika. Mimi si mtu wa barua, na nikianza nitaandika ambayo nitatamani kuyarudisha. Njoo. Ukifika uliza mlango wa nyuma. Usije na zawadi.

Kaka yako


30 Septemba

Jenerali,

Natumaini ulifika salama na kiti cha basi hakikukuvunja mgongo.

Umeondoka na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Kaka yako alirudi kutoka kukusindikiza, akakaa, akasema umenenepa. Nilingoja aongeze neno, hakuongeza. Kwa siku zote ulizokaa nimewasikia mkiongea rangi ya mafuta na rangi ya maji, ipi inastahimili jua, ipi inabanduka. Siku ya mwisho mliongea bawaba za mlango. Nilijua hamtafika kule kwenyewe, na hamkufika. Huenda safari nyingine. Huenda msifike kabisa, mkabaki hivyo hivyo mnaongea bawaba mpaka mzeeke. Mimi nitazipokea hizo bawaba.

Lakini nina lalamiko, na ni lako.

Jumapili baada ya chakula, kaka yako alipotoka, nilikueleza jambo. Lilikuwa refu. Unajua sasa ninavyoongea, kila baada ya maneno machache nasimama natafuta hewa. Sijamweleza mtu jambo refu hivyo tangu nipasuliwe. Wewe uliinamia mbele, ukaitikia kwa kichwa, mm, mm, na nilipomaliza ukacheka.

Halikuwa la kuchekesha, shemeji.

Niliona ulivyonitazama usoni, ukagundua, ukakipunguza kicheko kidogo kidogo kama mtu anayefunga bomba. Kisha ukauliza kama chai imebaki. Na mimi, badala ya kukushika mkono nikaanza upya, nikainuka nikaenda kuileta. Nilikaa jikoni muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji. Nadhani wewe pale mezani ulikuwa unaomba nisikuulize umesikia nini.

Sikuchukia kwamba hukuelewa. Kaka yako mwenyewe bado anapotea, ila amejifunza kusema, "Sijasikia, rudia." Anasema mara nyingi mpaka tunakasirikiana, halafu narudia. Kinachoniumiza ni kuitikiwa. Ukiniitikia bila kunisikia, naongea peke yangu nikiwa nimekaa na mtu.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho, na usiisome kwa hofu, sijakasirika. Nimeona tu kwamba kalamu imenizoesha vibaya. Humu ndani naongea haraka, nachekesha, nakatiza, na nikiinua kichwa nimechoka hata kumwambia mtu nipe chumvi.

Najua utataka kuniuliza nilikuambia nini Jumapili ile. Nafasi ipo hapa chini ya karatasi, na mistari michache ingetosha. Sitaiandika. Njoo tena, ukae kiti cha karibu, nikuambie.

Shemeji yako